Sahani Saba za Maalim Zein

Nina ulimi mbaya, na bora niseme mapema. Tangu utotoni nilikuwa mtu wa kejeli, na niliporudi kutoka Uingereza mwaka 1965 na shahada ya kemia, kejeli yenyewe ilikuwa imekwenda shule. Watu wa Mji wa Kale waliniuliza nimesomea nini. Nilipowaambia nimesomea jinsi madini ya urani yanavyoishi ndani ya maji, waliniuliza kama naweza kuwatengenezea sabuni. Niliwapa majibu ambayo baba yangu alilazimika kuyaombea radhi msikitini.

Baba yangu, Maalim Zein, alisomesha Qur'ani na kuandika makombe. Aliandika aya kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaiacha ikauke, kisha akaiosha kwa marashi ya mawaridi, na yale maji mgonjwa akayanywa. Wenye homa, wenye mitihani, wanawake wenye mimba, wote walipita mlangoni petu Kibokoni. Baba hakumfukuza mtu. Mimi nilikuwa nikiyaita makombe yale maji ya rangi, tena nikiyaita hivyo mbele yake. Yeye alikuwa akitabasamu na kuendelea kuchonga kalamu yake ya tete.

Katika sanduku langu la safari nilirudi na chupa moja ya kioo kizito. Ndani yake mlikuwa na fuwele za manjano, chumvi ya urani iliyobaki katika utafiti wangu, ambayo niliichukua bila ya kumwuliza mtu. Karatasi ya jina niliibandua melini ili watu wa forodha Kilindini wasinisumbue. Siku ya tatu nyumbani, Baba aliingia chumbani kwangu akaiona dirishani inameta kwa jua.

"Taib, hiki ni kitu gani?"

"Zafarani ya Wazungu, Baba," nikamjibu huku nakunja mashati. "Ya dukani kwa Ghulam haioni ndani."

Aliishika chupa akaitazama kwa muda, akaelekeza kioo kwenye mwanga, akasema, "Mashallah." Kisha akairudisha mahali pake taratibu. Mimi sikugeuka hata kumwangalia uso. Ilikuwa ni mzaha tu, na mizaha yangu huwa siihesabu.

Dada yangu Mwanakhamis alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Mumewe Gharib alikuwa baharia, yuko melini, basi Mwanakhamis akarudi kwa Baba ili atazamwe. Kila mtu nyumbani alitembea kwa kunyata, kana kwamba kishindo cha mguu kingeweza kumtoa mtoto tumboni. Mwezi wa Novemba Baba aliamua kumwandikia makombe saba, ya siku saba, mimba itulie.

Lakini zafarani haikuwapo. Ghulam, mwuza manukato wa karibu na Marikiti ambaye Baba alinunua kwake miaka thelathini, alimwambia kwamba Kashmir kumekuwa na vita na shehena haijaja. Akamwonyesha manjano ya kusaga kuwa ndiyo badala. Baba alirudi nyumbani amenuna. "Maneno ya Mungu," akaniambia, "siyaandiki kwa kiungo cha mchuzi." Nilicheka, nikapanda baiskeli yangu kwenda Tudor, nilikokuwa nikifundisha kemia katika shule ya sekondari.

Alhamisi ile, mimi nikiwa shuleni, Baba aliziandika sahani zote saba kwa kikao kimoja. Ndiyo iliyokuwa desturi yake: alitawadha, akakaa uani, akaandika zote, akaziacha zikauke, akazifunika kwa kitambaa cheupe. Kuanzia Ijumaa alikuwa akiosha moja kila asubuhi na kumpa Mwanakhamis anywe.

Mimi huondoka mapema, kwa hivyo sikuona kitu hadi Jumatatu. Siku hiyo nilichelewa. Niliingia uani jua limeshapanda, nikamkuta dada yangu anarudisha kikombe kitupu. Baba alitia marashi kidogo katika sahani aliyokwisha kuiosha, akaizungusha, akayanywa masalio yale mwenyewe, kama afanyavyo siku zote, herufi isipotee hata moja. Kisha akakiweka sawa kitambaa cha sahani tatu zilizobaki, na jua likapiga juu ya maandishi.

Wino wa zafarani una wekundu ndani ya dhahabu yake. Huu ulikuwa wa manjano ya ndimu bichi, na pembeni, pale jua lilipougusa, ulitoa ukijani. Ukijani ule nilikuwa nimeutazama maabara kule Uingereza kila siku kwa miaka miwili.

"Baba," nikasema, "zafarani umeipata wapi?"

"Kwako," akajibu, na uso wake wote ukacheka. "Nalitwaa kidogo katika ile chupa. Nalijua umeniletea mimi, ukaona haya kunipa."

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yalikuwa machache tu: Baba, hii ni sumu. Lakini nilimtazama mzee yule alivyofurahi, kwamba mwanawe mwenye dharau amemletea wino wa makombe kutoka Ulaya, na ulimi wangu, ambao haujawahi kukosa neno, ukakwama. Nilifikiri pia habari itakavyotembea. Kabla ya alasiri, Mji wa Kale mzima ungekuwa ukisema Maalim Zein amemnywesha bintiye sumu kwa jina la Mungu. Na wangeuliza sumu ilitoka wapi.

"Alhamdulillahi, Baba," nikasema.

Shuleni sikufundisha siku ile. Niliwapa wanafunzi kazi ya kunakili, nikajifungia katika chumba cha maabara.

Urani ikiyeyuka haitembei peke yake. Huchukuana na oksijeni mbili, moja juu na moja chini, zikaishika imara kama boriti, na kiunoni ikabaki na nafasi za kushikwa. Ndani ya maji hushikwa na maji. Ikikutana na kaboneti, tatu huizunguka kiuno, na ikishashikwa hivyo huwa pole: husafiri ndani ya damu, hupita kwenye figo, hutoka na mkojo. Balaa ni asidi. Mkojo ukiwa na ukali, kaboneti hugeuka hewa ikaenda zake, na urani ikabaki uchi ndani ya figo. Hapo hushika chochote kilicho karibu, na kilicho karibu ni nyama ya figo yenyewe. Nilikuwa nimeandika kurasa mia na arobaini juu ya mambo haya, na katika kurasa zote hizo hamkuwa na mtu hata mmoja.

Mwanakhamis alikuwa amekunywa sahani nne. Sikuwa na namna ya kuitoa urani ile tumboni mwake, lakini niliweza kuhakikisha kwamba haikosi kaboneti ya kuishika. Dawa ilikuwa bikaboneti, ile soda nyeupe inayouzwa dukani kwa kiungulia. Anywe asubuhi, mchana na jioni, na maji mengi, mkojo wake usipate ukali hata saa moja. Kuhusu Baba, nilijiambia kwamba masalio ya kuosha sahani ni matone tu, hayatamdhuru.

Jioni nilimfuata Mwanakhamis jikoni. Alikuwa akikuna nazi, ameketi kwa shida juu ya mbuzi.

"Mwanakhamis, makombe yaliyobaki usinywe."

Akaacha kukuna. "Kwa nini, kaka?"

"Marashi. Madaktari wa Ulaya wameona hayamfai mwenye mimba ya miezi saba." Uongo ulinitoka kwa urahisi kuliko ukweli.

"Na Baba?"

"Baba usimwambie, atasononeka. Wewe pokea kikombe, nenda nacho chumbani kwako, usinywe. Unywe hii soda badala yake, itakusaidia tumbo."

Alinitazama kwa yale macho yake makubwa ya mtu aliyepoteza watoto wawili. "Wanambia kweli, kaka? Mtoto hana neno?"

"Hana neno," nikasema.

Jumanne aliamka na uso umevimba, akalalamika kiuno. Nilimwomba mkojo wake katika kichupa, nikamwambia shule imenunua mashine mpya na nataka kuijaribu. Alicheka, akanipa. Kule maabara nilichovya karatasi ya litmasi, nikaona haijageuka buluu, yaani mkojo ungali na ukali. Soda ilikuwa haijatosha. Nikatia mkojo katika neli ya kioo pamoja na matone ya siki, nikauchemsha juu ya taa ya spiriti. Likatokea wingu jeupe zito kama ute wa yai. Hiyo ilikuwa protini, na protini katika mkojo maana yake ni figo inavuja.

Siku zile sikula wala sikufundisha vizuri. Niliongeza soda. Nilimkalisha Mwanakhamis nikamsimamia anywe maji kikombe kwa kikombe, hadi akaniambia kwamba nimekuwa mkunga. Kila siku nilipanda baiskeli kwenda Tudor na kichupa cha mkojo wa dada yangu ndani ya mfuko wa koti, na kila siku nilichemsha. Jumatano litmasi ikageuka buluu, lakini wingu lilikuwa lile lile. Alhamisi lile lile. Ijumaa niliogopa kuitazama neli. Jumamosi wingu likawa jepesi. Nilipochemsha Jumatatu mkojo ulibaki safi, nikaweza kuona vidole vyangu upande wa pili wa kioo.

Nililia pale maabara, na sioni haya kusema. Niliweka mkono wangu juu ya tumbo la dada yangu jioni ile, jambo ambalo sijawahi kulifanya, na mtoto akapiga teke. Chupa ya urani nilikuwa nimeshaifungia kabatini shuleni. Nikajiona mjanja kuliko watu wote wa kisiwa hiki. Dada amepona, heshima ya Baba imesalimika, na hakuna aliyejua kitu.

Kesho yake Baba hakwenda msikitini alfajiri.

Alikuwa na maradhi ya sukari tangu miaka kumi nyuma, kwa hivyo nilipoona miguu imevimba na chakula hakikai tumboni, niliilaumu sukari. Nilimgombeza hata, kwamba amekula halua kwa jirani. Hakubishana. Jumatano asubuhi Mwanakhamis alinifuata mlangoni, uso umesawijika.

"Kaka, Baba hajakwenda msalani tangu jana."

Tulimpeleka hospitali kwa teksi. Daktari aliyempokea, Kamaludin, alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kuuliza maswali mafupi. Alimpima damu na mkojo ule mdogo alioupata. Akaniita pembeni, akaniambia figo zote mbili zimesimama.

"Amekunywa kitu gani hivi karibuni? Dawa ya mitishamba, chochote?"

"Hakuna," nikamjibu, na wallahi niliamini ninachosema; yale matone ya masalio sikuyahesabu.

Nilitoka barazani. Mwanakhamis alikuwa ameketi juu ya benchi, mikono imekumbatia tumbo, buibui limemteleza begani.

"Kaka," akasema polepole, "yawezekana ni yale marashi? Wewe ulisema hayafai kwa mimba. Sikudhani yatamdhuru Baba."

"Marashi gani?"

"Ya makombe yangu. Nalimrudishia."

Nikamwuliza alimrudishia vipi. Nilikuwa nimeshajua, lakini nilimwuliza.

"Ningeyamwaga wapi? Ni maneno ya Mungu yale. Nalimwambia tumbo lanikataa, akayanywa yeye. Yote matatu."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya hospitali, watu wakipita. Kombe halimwagwi. Hilo halihitaji shahada; mtoto yeyote wa Kibokoni analijua kabla hajajua kufunga kikoi. Nimelelewa katika nyumba ambamo hata maji ya kuoshea sahani yalinywewa, na asubuhi ya Jumatatu ile nilimwona Baba akiyanywa. Nilipomwambia dada yangu asinywe, sikujiuliza hata mara moja kikombe kitakwenda wapi, kwa sababu kwangu yalikuwa maji ya rangi, na maji ya rangi humwagwa.

Nilirudi kwa daktari nikamwambia yote, mlango umefungwa. Hakunikaripia. Alimtia bikaboneti kwenye mshipa, akajaribu kila alichokuwa nacho. Lakini siku nane zilikuwa zimepita tangu kikombe cha kwanza, na mkojo wa mwenye sukari una ukali wake. Urani ilikwisha kuachwa na kaboneti zake na kushika nyama, na ikishafika hapo haiachii kwa kubembelezwa. Mashine ya kumsafisha mtu damu haikuwapo Mombasa. Nilimwuliza Kamaludin ni siku ngapi. Akaniambia nikae na mzee wangu.

Nilikaa naye. Alhamisi alasiri alikuwa na fahamu zake, midomo imekauka, pumzi ina harufu ya mkojo. Nilimbusu mkono.

"Baba, ile haikuwa zafarani."

Akafumba macho. "Haikuwa na harufu. Nikasema labda ya Wazungu ndivyo ilivyo. Wewe ndiwe uliyenambia."

"Nilikuwa nafanya mzaha. Ni sumu, Baba. Ni yale madini niliyosomea."

Akafumbua macho. Kisha akasema, "Siku ile uani, sahani ziko mbele yangu, wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukunambia?"

"Niliona haya."

"Ukanionea haya mimi, Taib. Babako." Hakukasirika, na hilo ndilo nililoshindwa kulivumilia. Nilitaka anitukane. Nilitaka aninyanyulie fimbo kama zamani. Aligeuza kichwa kidogo juu ya mto. "Na Mwanakhamis?"

"Mzima. Yeye na mtoto."

"Nani aliyemtibu?"

"Mimi."

"Kwa ilimu yako hiyo hiyo?"

"Kwa hiyo hiyo, Baba."

"Basi ina manufaa," akasema, na akavuta pumzi mara mbili tatu kabla ya kuendelea. "Yeye ajua alichonipa?"

"Hajui. Adhani ni marashi tu."

Alinishika kifundo cha mkono. Sikutarajia kwamba amebakiwa na nguvu zile. "Asijue. Yeye alinipa kikombe kwa adabu, na mimi nikakinywa kwa adabu. Kosa ni lako, libebe mwenyewe, usimtwishe mtu akupunguzie. Niapie."

Nikamwapia. Alifariki Ijumaa kabla ya adhuhuri, na watu waliomzika walijaa hadi barabara ikaziba. Wengi wao walikuwa wamekunywa makombe yake. Waliniambia pole, wakaniambia nimebahatika kuwa na baba wa namna ile, nami nikawapa mkono mmoja mmoja.

Mwanakhamis alijifungua mwezi wa Januari, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Gharib alirudi safarini, nyumba ikajaa wanawake na harufu ya udi. Mimi nilikuwa nakwenda Tudor na kurudi. Barua ya kazi kutoka Nairobi ilikuja. Niliisoma, nikaijibu kwamba sitakuja.

Siku ya arobaini ya uzazi, wageni walipoondoka, Mwanakhamis aliniita chumbani. Alikuwa ameketi kitandani, mtoto mapajani, na alionekana amekonda kwa mawazo. Nilijua ana neno. Alikuwa nalo tangu matanga, nami nilikuwa nikimkimbia.

"Kaka, wewe msomi. Nataka unambie kweli, na usinifiche kwa sababu mimi ni mwanamke mzazi." Alimtazama mtoto, si mimi. "Yale makombe niliyompa Baba. Hayakumdhuru?"

"Hayakumdhuru."

"Naota nampa kikombe. Kila siku naota."

"Baba alikuwa na sukari, Mwanakhamis. Daktari alisema."

"Basi yalimfaa? Japo kidogo?"

Nimesema kwamba nina ulimi mbaya. Siku ile niliusikia ukisema, kwa upole ambao sijui ulitoka wapi, "Yalimfaa sana."

Akavuta pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka. Akasema alhamdulillahi, basi Baba aliondoka na maneno ya Mungu kifuani, tena yaliyotoka mkononi mwa bintiye. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu maziko. Kisha akaniambia kwamba ana usingizi, nami nikampokea mtoto ili apate kulala.